Ana DACA, mdogo wake hana karatasi yoyote: je, wahamie Kanada kama wafanyakazi wenye ujuzi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 29 na ninaishi Minnesota. Mama alitutoa Mombasa mwaka 2004 alipokuja Marekani kusoma chuo. Mimi nilikuwa na miaka 8, na mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya. Karo ilimshinda mama, masomo yakakatika, nasi tukabaki. Nilipata DACA, ile ruhusa ya muda ya kubaki na kufanya kazi wanayopewa walioletwa Marekani wakiwa watoto, mwaka 2013 nikiwa na miaka 16, na sijawahi kuchelewa kuihuisha. Mdogo wangu aliomba mwanzoni mwa 2021 akiwa na miaka 17, na hadi leo hajajibiwa. Sasa ana miaka 22 na anafanya kazi ya umeme wa majumbani kwa kulipwa mkononi. Nimechoka kuyapanga maisha yangu kwa vipande vya miaka miwili miwili. Wenzangu kazini wanasema Kanada inatafuta wauguzi, na nilipokadiria alama zangu za kuhamia huko nilipata 441. Je, tuondoke sote wawili? Na tukiondoka, tutaweza kurudi kumwona mama?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na nitalijibu kwa kuwatenganisha wewe na mdogo wako, kwa sababu ingawa mmelelewa na mama mmoja katika nyumba moja, mbele ya sheria hamfanani. Wewe unayo njia ya kweli ya kwenda Kanada, na unaweza kuianza ukiwa hapo hapo ulipo. Mdogo wako asiondoke sasa. Kabla sijaeleza kwa nini, naomba mkubali kubadili mpangilio wa maswali yenu: vijana wengi walio katika hali yenu huuliza kwanza kama Kanada itawapokea, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni nini sheria ya Marekani itawafanyia siku watakapovuka mpaka kutoka. Adhabu nzito kuliko zote katika sheria hiyo haimgusi anayebaki. Humshika anayeondoka, na humshika siku ile ile anapoondoka.

Sheria ninayoizungumzia ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1996 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 1997. Inasema kwamba mtu aliyekaa nchini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akaondoka mwenyewe, hataruhusiwa kurudi kwa miaka 3. Na aliyekaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, hataruhusiwa kwa miaka 10. Siku hizo hazianzi kuhesabiwa hadi mtu atimize miaka 18, na muda alio chini ya DACA hauhesabiwi pia. Hapo ndipo ulipo unafuu wako. Ulipata DACA ukiwa na miaka 16, kwa hiyo siku uliyotimiza 18 tayari ulikuwa umefunikwa, na kama kweli hujawahi kuchelewa kuihuisha, hesabu yako ni sifuri. Ukiondoka, kifungo hicho cha kutorudi kwa miaka 3 hakikupati, wala cha miaka 10. Hata hivyo usitegemee kumbukumbu katika jambo hili. Toa barua zote za kuidhinishwa kwako tangu ile ya kwanza, zipange mezani kwa tarehe, na uangalie kama kuna pengo lolote kati ya kuisha kwa moja na kuanza kwa nyingine, kwa sababu mapengo ya wiki mbili hapa na mwezi mmoja pale hujumlishwa, na nimewahi kumwona mtu aliyeapa kwamba hakuchelewa hata siku moja akakutwa na siku zaidi ya sitini.

Mdogo wako amekwama mahali pagumu zaidi, tena bila kosa lake. Mwaka 2017 serikali ilipotangaza kuufunga mpango wa DACA alikuwa bado hajafikisha miaka 15, umri unaohitajika kuomba. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipouokoa mpango tarehe 18 Juni 2020, na milango ikafunguliwa tena mwishoni mwa mwaka huo, aliwahi kuomba. Lakini Julai 2021 jaji wa mahakama ya serikali kuu huko Texas aliamua kwamba mpango ulianzishwa kinyume cha sheria, na tangu siku hiyo maombi mapya hupokelewa lakini hayaamuliwi. Ombi lililokaa kwenye rafu halimlindi mtu. Ukiitazama hali yake kijuujuu, alitimiza 18 mwaka 2021, amekaa zaidi ya miaka 4 bila ruhusa, na akivuka mpaka leo anajifungia nje kwa miaka 10.

Lakini nimesema kijuujuu, na ningependa tukae hapa kidogo, maana kuna neno moja katika barua yako ambalo pengine uliliandika bila kulitilia uzito: mama alikuja kusoma. Watu waliopokelewa nchini kama wanafunzi, pamoja na watoto waliofuatana nao kama wategemezi, kwa kawaida hawakupewa tarehe ya mwisho ya kukaa walipoingia. Wengine waliogongewa mhuri uwanja wa ndege miaka ile walipewa kadi nyeupe ndogo iliyobanwa ndani ya pasi, na kwenye nafasi ya tarehe ofisa aliandika kwa kalamu herufi mbili tu, D/S, yaani mtu akae muda wote ambao hadhi yake ya masomo itaendelea. Mtu aliyeingia kwa herufi hizo, hata masomo yakikatika na hadhi ikapotea, siku zake za kukaa bila ruhusa hazianzi kujihesabu zenyewe. Zinaanza tu pale ofisa wa uhamiaji anapotoa uamuzi rasmi, katika kushughulikia ombi fulani, kwamba mtu huyo amevunja hadhi yake, au pale jaji wa uhamiaji anapoamua hivyo. Mwaka 2018 serikali ilijaribu kuubadilisha utaratibu huu, na Februari 2020 mahakama ikayazuia mabadiliko hayo.

Nakumbuka kijana mmoja aliyenijia na bahasha ya kaki ambayo mama yake alikuwa ameihifadhi ndani ya leso, pamoja na vyeti vya chanjo na picha za harusi. Pasi yake ya utotoni ilikuwa na jalada lililochakaa na picha ya mtoto aliyefumba macho. Katikati ya kurasa kulikuwa na kadi ile, pini yake imeshika kutu hadi kutia doa la kahawia kwenye karatasi, na wino wa D/S umefifia kuwa rangi ya chai. Miaka kumi ya maisha yake ilitegemea herufi zile mbili, na mara mbili familia ilikuwa imefikiria kuitupa pasi hiyo kwa kuwa iliisha muda zamani. Kwa hiyo kabla hamjafanya jambo jingine lolote, itafuteni pasi ya mdogo wako ya mwaka 2004, yako, na ya mama pia. Kama kadi imepotea, sheria ya uhuru wa habari inamruhusu kila mmoja wenu kuomba nakala ya jalada lake kutoka idara za uhamiaji, na kumbukumbu za kuingia kwake zitakuwamo. Mkiikuta tarehe badala ya herufi, basi hesabu ya miaka 10 inasimama kama nilivyoieleza. Mkizikuta herufi, mpelekeeni wakili wa uhamiaji kadi hiyo na jalada zima, ili ahakikishe kwamba hakuna uamuzi wowote uliowahi kutolewa ulioianzisha hesabu.

Wakati wakili analipitia jalada hilo, mwombeni aangalie mambo mengine mawili. La kwanza ni kama kuna amri ya kufukuzwa iliyotolewa zamani bila ninyi kujua, jambo linalotokea pale wito wa mahakama unapotumwa kwenye anwani ya nyumba mliyokwisha kuhama. Anayeondoka akiwa na amri hiyo huhesabiwa kuwa amejifukuza mwenyewe, na hilo lina vifungo vyake tofauti. La pili linamhusu zaidi mdogo wako: aulizwe, peke yake na bila kugombezwa, kama aliwahi kujaza fomu ya kazi akaweka alama kwenye kisanduku kinachosema kwamba yeye ni raia wa Marekani. Uongo huo mmoja, hata kama msimamizi wa kazi ndiye aliyemwambia aweke alama hapo, humfungia mtu ukaazi wa Marekani maisha yake yote, na karibu hakuna msamaha wake. Namtaka mdogo wako aambiwe hili kwa upole, kwa sababu vijana wengi walifanya hivyo wakiwa na miaka 18 au 19, wakitafuta tu mshahara wa kwanza.

Nikiwa bado upande wa Marekani, nakuomba pia usiidharau hazina mliyonayo. Ninyi mliingia kwa viza, mkakaguliwa na ofisa mpakani. Kwa sheria, aliyeingia hivyo, hata kama amepitisha muda wake, akiolewa au akioa raia wa Marekani kwa ndoa ya kweli anaweza kuomba ukaazi akiwa ndani ya nchi bila kuondoka hata siku moja; aliyevuka jangwa kinyemela hana unafuu huo. Simshauri mtu yeyote aoe au aolewe kwa ajili ya karatasi, na ndoa ya namna hiyo ni jinai. Ninachosema ni kwamba kama kuna mtu katika maisha yako ambaye tayari mnapanga naye ndoa, au kama mama ana mtoto aliyezaliwa Marekani ambaye anakaribia miaka 21 na ataweza kumwombea, basi mambo hayo yapimwe na wakili kabla ya kukata tiketi. Na ile fedha ambayo serikali ya Marekani imekuwa ikiitangaza tangu Mei 2025 kwa wanaojiandikisha kuondoka wenyewe kupitia programu ya simu ya CBP Home isiwavute. Inalipia safari, lakini vifungo vilivyowekwa na Bunge haviondolewi na programu ya simu.

Sasa tuje Kanada. Njia inayokufaa ni mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi unaosimamiwa kupitia mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015. Unajaza wasifu wako mtandaoni, unapewa alama kati ya 1,200, unaingia katika kundi la wanaosubiri, na serikali huita wenye alama za juu kwa awamu. Anayeitwa ana siku 60 za kuwasilisha ombi kamili, na lengo la serikali ni kulishughulikia ombi hilo ndani ya miezi 6 hivi. Hakuna sharti kwamba uwe Kanada unapoomba, na kukaa kwako Marekani bila ukaazi hakukuondolei sifa. Unachotakiwa ni kujibu kila swali kwa ukweli, hasa lile linalouliza kama umewahi kunyimwa viza au kuamriwa kuondoka katika nchi yoyote, kwa sababu anayekutwa ameficha jambo hufungiwa kuomba kwa miaka 5.

Alama zako 441 nimezihesabu upya, na nadhani najua zilikotoka: 110 za umri, 120 za shahada ya kwanza, 136 za Kiingereza cha kiwango cha juu kabisa, 50 za uzoefu wa kazi wa miaka mitatu au zaidi nje ya Kanada, na 25 za kuunganisha elimu na lugha. Katika nusu ya pili ya 2025 awamu zilizowaita wahudumu wa afya zilikuwa zikikata karibu na alama 470, kwa hiyo 441 ingekuacha mlangoni. Lakini wauguzi wengi wa Marekani walianza na cheti cha miaka miwili katika chuo cha jamii, wakafanya mtihani wa leseni, wakaanza kazi, kisha wakaongeza shahada wakiwa kazini. Kama nawe ulipita njia hiyo, pengine hukukijaza kile cheti cha kwanza, na hivyo ndivyo karibu kila mtu anavyokosea, kwa kudhani shahada inaimeza stashahada. Mfumo wa Kanada unawapa mkono wenye vyeti viwili vya baada ya sekondari, mradi kimoja kiwe cha miaka mitatu au zaidi: 120 inakuwa 128, na ile 25 inakuwa 50. Jumla yako inakuwa 474. Pelekeni vyeti vyote viwili kwenye taasisi inayotambuliwa na Kanada ili vifanyiwe tathmini. Hata shahada ya Marekani lazima ifanyiwe.

Kiingereza nacho, ingawa umekizungumza tangu shule ya msingi, lazima ukifanyie mtihani, na usiuendee kwa kiburi. Zile alama 136 zinataka, kwa mtihani wa IELTS, 8.5 katika kusikiliza, 8 katika kusoma, na 7.5 katika kuandika na kuzungumza. Nimewaona waliozaliwa ndani ya Kiingereza wakianguka katika kuandika kwa sababu hawakujua mtihani unataka nini. Fanya mazoezi ya wiki kadhaa. Na uitazame tarehe yako ya kuzaliwa: siku utakayotimiza 30, alama 5 za umri zinaondoka, ukitimiza 31 zinaondoka 6 nyingine, na mteremko unaendelea kila mwaka. Matokeo ya mtihani yanatumika kwa miaka 2 na tathmini ya vyeti kwa miaka 5, kwa hiyo huna sababu ya kungoja uamuzi wowote wa mahakama ya Marekani ndipo uanze.

Wasomaji wetu waliotoka Bukavu, Goma au Bujumbura, na ambao Kifaransa walikisoma shuleni au wanakisikia nyumbani, walisikie hili kwa makini, kwa kuwa kwao mlango ni mpana kuliko wanavyodhani. Kanada huwaita wazungumzaji wa Kifaransa katika awamu zao wenyewe, na Machi 2025 awamu moja ilishuka hadi alama 379. Hata wewe wa Mombasa, mwaka mmoja wa kusoma Kifaransa kwa bidii ukafikia kiwango cha 7 unaweza kukuongezea alama zaidi ya 60, kuliko shahada ya uzamili ambayo ingekugharimu maelfu ya dola.

Kuhusu fedha, mwaka 2025 ada ya serikali kwa mtu mmoja ilikuwa dola za Kanada 1,525, na juu yake kuna mtihani, tathmini, vipimo vya afya na alama za vidole. Zaidi ya hapo unapaswa kuonyesha akiba. Kwa mtu asiye na wategemezi, kiwango kilichowekwa Julai 2025 kilikuwa dola za Kanada 15,263. Benki itaandika salio lako la sasa na wastani wa miezi 6, kwa hiyo fedha zilizotua ghafla wiki moja kabla ya ombi huzua maswali. Harambee ya jamaa inakubalika kama ni zawadi na kila aliyetoa kiasi kikubwa ameandika barua ya kusema hivyo. Mkopo wa chama haukubaliki, kwa sababu fedha ya kukopa haihesabiwi kuwa yako. Usinunue barua ya ajira kutoka kwa mtu yeyote katika vikundi vya WhatsApp: tangu tarehe 25 Machi 2025 barua ya ajira haiongezi alama hata moja, na wanaoendelea kuziuza wanajua hivyo. Ukimlipa mtu akuongoze, awe wakili au mshauri aliyesajiliwa na chombo cha Kanada kinachosimamia washauri wa uhamiaji, na namba yake uihakiki mwenyewe kwenye orodha ya chombo hicho.

Kuna karatasi mbili ambazo hukawiza watu. Ya kwanza ni hati ya polisi, na kwako inatosha ile ya FBI. Cheti cha tabia njema cha Kenya hukihitaji, kwa kuwa hujaishi huko tangu ulipotimiza miaka 18. Ya pili ni pasi ya Kenya iliyo hai. Uliondoka ukiwa mtoto, kwa hiyo huna kitambulisho cha taifa, na mtu mzima anayeomba pasi hutakiwa kuwa nacho. Utaanza na kitambulisho kupitia ubalozi wa Kenya Washington, kisha pasi, na hatua hizo mbili zinaweza kula miezi mingi. Anza nazo hizo kabla hata ya mtihani. Na kama wewe au mdogo wako mmewahi kukamatwa mkiendesha gari mmelewa, niambieni mapema. Katika majimbo mengi ya Marekani kosa hilo likitokea mara ya kwanza huchukuliwa kuwa dogo, lakini Kanada tangu Desemba 2018 inalihesabu kuwa uhalifu mkubwa unaoweza kumzuia mtu kuingia.

Leseni ya uuguzi haihitajiki kupata ukaazi, lakini bila hiyo utaingia Kanada ukafanye kazi ya usaidizi huku ujuzi wako ukilala, na nimeona wauguzi hodari kutoka nchi nyingine wakikaa hivyo miaka miwili. Wewe una bahati: mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, uliofanya Minnesota ndio unaotumiwa na majimbo ya Kanada yanayozungumza Kiingereza tangu 2015, kwa hiyo hutaurudia. British Columbia mwaka 2025 iliwaruhusu wauguzi waliosajiliwa Marekani kuomba moja kwa moja kwenye chombo chake cha usajili, bila ile tathmini ndefu ya taasisi ya nje. Omba usajili wa jimbo wakati ombi lako la ukaazi linaendelea.

Nirudi kwa mdogo wako. Nikimhesabia kwa cheti chake cha sekondari, Kiingereza kizuri na miaka mitatu ya kazi, anapata alama zipatazo 314, na kabla ya hapo hafikii hata zile 67 kati ya 100 zinazotakiwa ili kuingia katika kundi la wafanyakazi wenye ujuzi. Ipo njia ya mafundi, lakini inataka miaka miwili ya uzoefu pamoja na ajira ya mwaka mzima au cheti cha ufundi cha jimbo la Kanada. Isitoshe, uzoefu wake unalipwa mkononi na hauna ushahidi. Kwa hiyo kazi yake sasa ni kujijengea karatasi. Aombe namba ya mlipakodi ambayo mamlaka ya kodi huwapa wasio na namba ya hifadhi ya jamii, alipe kodi ya kila mwaka, aweke fedha zake benki, na amwombe fundi anayemwajiri amwandikie barua inayotaja tarehe, saa za wiki, malipo na kazi anazofanya, kutoka kuvuta nyaya hadi kufunga bodi ya swichi. Aingie chuo, Minnesota tangu 2013 inawatoza vijana wa hali yake ada ya wakazi, ingawa mwaka 2025 serikali kuu ilifungua kesi ya kuupinga utaratibu huo. Nawe ukishakuwa mkaazi wa Kanada, yeye ataongezewa alama 15 kwa kuwa na ndugu huko. Nayaona haya yakimchukua miaka mitatu au minne, na najua si jibu alilotaka.

Asidanganywe na mtu akafikiri kwamba njia ya mkato ni kwenda mpakani na kuomba hifadhi. Kanada na Marekani zina makubaliano yaliyoanza Desemba 2004, yanayomtaka mtu aombe hifadhi katika nchi ya kwanza kati ya hizo mbili aliyofika, na tangu tarehe 25 Machi 2023 yanatumika katika mpaka wote, hata penye vichochoro. Isipokuwa kwa wachache wenye sababu maalumu, Kanada itamrudisha, na atakabidhiwa mikononi mwa maofisa wa Marekani siku hiyo hiyo. Kwa kijana asiye na DACA, safari hiyo ya saa chache inaweza kumwishia kizuizini.

Sasa mama. Sitakuficha, binti yangu: hapa ndipo penye gharama ambayo hakuna fomu inayoitaja. Ukiondoka bila ruhusa maalumu ya kusafiri, DACA yako inakwisha siku hiyo na huwezi kuirudia. Kwa miaka ya mwanzo utakuwa mkaazi wa Kanada mwenye pasi ya Kenya, na kila ukitaka kumtembelea mama itakubidi uombe viza ya Marekani kama mtu mwingine yeyote. Hutakuwa na kifungo, lakini ofisa anaweza kukunyima kwa kuona tu historia yako. Mama naye hawezi kuja kukuona bila kuhatarisha kurudi kwake. Ukaazi unakutaka uwe ndani ya Kanada angalau siku 730 katika kila miaka 5, na ukitimiza siku 1,095 ndani ya miaka 5 unaweza kuomba uraia. Siku utakayoshika pasi ya Kanada mambo yatabadilika. Raia wa Kanada haombi viza ya kutembelea Marekani, na zaidi ya hilo, mkataba wa biashara kati ya Marekani, Kanada na Meksiko unawataja wauguzi waliosajiliwa miongoni mwa wataalamu raia wa Kanada wanaoweza kuingia Marekani kufanya kazi kwa barua ya mwajiri. Unaweza kurudi kufanya kazi katika hospitali ile ile ya Minnesota, kihalali, ukiwa na historia safi. Katiba ya Kenya ya 2010 haitakunyang'anya uraia wako wa kuzaliwa. Kwa ndugu zetu Watanzania mambo ni tofauti, maana mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa Tanzania.

Hesabu ya uaminifu, basi, ni miaka mitano hadi sita kabla ya kuweza kumkumbatia mama bila wasiwasi. Zungumzeni naye. Mama aliyewalea watoto wawili bila karatasi anajua kubeba uamuzi mzito, na ana haki ya kuusikia huu kutoka kinywani mwako kabla hujaijaza fomu ya kwanza.

Usijiuzulu kazi, usivunje mkataba wa nyumba, na usivuke mpaka hadi uthibitisho wa ukaazi na viza ya kuingilia viwe mkononi mwako. Siku ya kuondoka, tunza tiketi ya ndege na hati ya kupokelewa kwako, kwa sababu siku moja utatakiwa kuthibitisha tarehe uliyotoka. Endelea kuihuisha DACA kama kawaida hadi siku hiyo, hata kama ombi la Kanada limebakiza wiki tatu.

Kwa sasa, mwombe mama afungue masanduku yake. Mkiipata pasi ya mdogo wako, msiichomoe ile kadi kwenye pini. Ipigeni picha mbele na nyuma ikiwa hapo hapo ilipo, kisha uniandikie nini kimeandikwa kwenye nafasi ya tarehe.